Mjane katika Kumbukumbu za Kikoloni za Kakamega: Daftari, Shauri na Kilio

Utangulizi

Nasaba ya Avalogoli, kama inavyosimuliwa na wazee wa Maragoli, huanza na watu wawili: Mulogoli na mkewe Kaliyesa. Wana wao wanne, Musali, Kizungu, Kilima na Mavi, ndio chimbuko la koo kubwa za jamii hiyo. Kutoka hapo msimulizi hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa baba hadi kwa mwana, mpaka afike kwa kijana anayeketi mbele yake na kumsikiliza. Jambo linalostahili kuangaliwa ni kwamba katika msururu huo mrefu jina la mwanamke hutajwa mwanzoni, kisha hutoweka. Kaliyesa ni mama wa wote. Wanawake waliozaa baada yake wamo ndani ya nasaba bila ya kutajwa.

Ukimya huo humwelemea zaidi mjane maskini. Mke wa mtawala hukumbukwa kwa ajili ya mumewe, na mama wa mtu mashuhuri hukumbukwa kwa ajili ya mwanawe. Mjane aliyekuwa na kibanda kimoja, kipande cha shamba na watoto wachanga hana wa kumtaja. Hata hivyo, zipo jamaa nyingi katika Kakamega na Vihiga ambazo zinaishi pale zinapoishi kwa sababu mwanamke wa namna hiyo, katika miaka ya 1920 au ya 1940, alikataa kuondoka. Wajukuu wake wanapotaka kujua alikuwa nani, hupewa jina la babu.

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili haikosi mjane. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi mnamo 1858, na kwa utendi huo jina lake limevuka karne. Lakini Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, aliijua kalamu, na aliishi katika jamii iliyoyathamini maandishi. Mhakiki anayetoka kwake na kwenda kumtafuta mjane wa North Kavirondo wa mwaka 1930 hana budi kubadili zana zake. Mjane huyu hakuandika. Aliandikwa, na walioandika habari zake walikuwa na haja zao.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maisha ya mjane huyo yanaweza kufuatiliwa, na kwamba kazi hiyo ni ya mhakiki wa fasihi kama ilivyo ya mwanahistoria. Mjane maskini hupatikana mahali patatu: katika daftari la kodi, katika shauri lililosikilizwa na wakuu, na katika kilio chake mwenyewe. Kila mahali pana fani yake. Asiyeitambua fani hiyo atakusanya habari nyingi na bado atamkosa mwanamke anayemtafuta.

Nyumba katika daftari la kodi

Mwaka 1902 eneo la Kavirondo lilihamishwa kutoka himaya ya Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo iliitwa Kenya kuanzia 1920. Mwaka huohuo wa 1902, Waquaker kutoka Marekani walianzisha misheni yao Kaimosi. Makao ya wilaya ya North Kavirondo yalikuwa Mumias kabla ya kuhamishiwa Kakamega mwaka 1920, na Maragoli ilikuwa sehemu ya wilaya hiyo. Kwa sababu hii, hata anayetafuta habari za bibi aliyeishi katika sehemu ambazo leo ni kaunti ya Vihiga hulazimika kuanza na karatasi za Kakamega.

Miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo serikali ilitaka kuyajua kuhusu watu wa wilaya hiyo ni idadi ya nyumba zao. Kodi ilidaiwa kwa kila nyumba, na katika boma la mume mwenye wake watatu kila mke alikuwa na nyumba yake. Mwanamke aliingia basi katika hesabu ya serikali kabla jina lake halijaingia: aliingia kama paa. Mumewe alipokufa, paa lilibaki na kodi ikabaki. Swali likawa ni nani atakayelipa: shemeji aliyemrithi, mwana ambaye bado hajabaleghe, au mjane mwenyewe kwa mtama na kuku aliouza sokoni. Ofisa aliweza kumsamehe mzee au fukara, lakini ili kusamehewa ilipasa ufukara huo uthibitishwe mbele ya liguru na chifu. Ufukara uligeuka kuwa jambo la kusimuliwa hadharani, na msimulizi wake alikuwa mjane.

Vita Vikuu vya Kwanza viliongeza idadi ya nyumba za namna hii. Mwaka 1915 ilipitishwa sheria iliyowezesha wanaume kuchukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi wa jeshi, na mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia ukusanyaji mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Jimbo la Nyanza, ambalo ndani yake mlikuwa North Kavirondo, lilitoa sehemu kubwa ya wapagazi hao. Jina la kikosi chao limebaki katika Kiswahili hadi leo, katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi. Zaidi ya wapagazi 40,000 waliandikwa rasmi kuwa wamekufa, na wanahistoria hukadiria kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Mishahara ya maelfu ya marehemu haikuwafikia jamaa zao, kwa kuwa haikudaiwa au kwa kuwa waliokuwa na haki ya kuidai hawakupatikana. Na fedha hizo zikawa jambo la mabishano kati ya Nairobi na London kwa miaka mingi baada ya vita.

Usemi kwamba mwenye haki hakupatikana unahitaji kusomwa kwa makini. Mjane wa mpagazi hakuwa amepotea. Alikuwa katika nyumba ileile iliyohesabiwa kwa kodi. Karani aliyemwona ilipodaiwa rupia hakumwona ilipopaswa kutolewa rupia. Tofauti kati ya daftari hizo mbili ni ushahidi wa kwanza kuhusu mahali alipowekwa mjane maskini katika utawala wa kikoloni. Ni ushahidi pia kwamba kutokuwapo kwa jina katika hati si thibitisho la kutokuwapo kwa mtu.

Shauri na ngazi zake za tafsiri

Mahali pa pili ni shauri. Mjane aliyenyang'anywa shamba, aliyechukuliwa ng'ombe wa mahari ya bintiye, au aliyetendwa vibaya na shemeji, angeweza kupeleka malalamiko kwa wazee wa ukoo, kwa liguru, kwa chifu, katika baraza la hukumu la Waafrika, na hatimaye kwa Mkuu wa Wilaya. Maofisa Waingereza walilipenda neno shauri kiasi cha kuliingiza katika Kiingereza chao cha kila siku. Katika barua na shajara zao, neno hilo husimama bila ya kufasiriwa, na maana yake ni kesi, tatizo, au usumbufu. Kwa Mswahili, shauri ni pia ushauri, yaani jambo linalotafutiwa njia na watu wanaokaa pamoja. Neno lilipohamia katika karatasi za ofisi liliacha nyuma sehemu hiyo ya maana, na mjane aliyekuja kutafuta ushauri akaandikwa kuwa mleta kesi.

Inapasa kukumbukwa vilevile kwamba maneno yake yalipita katika ngazi zaidi ya moja. Alisema kwa Lulogooli, Lwidakho, Lwisukha au lahaja nyingine ya Kiluhya. Mara nyingi mkalimani alimpokea kwa Kiswahili. Ofisa aliandika kwa Kiingereza, kwa ufupi, kile alichodhani kuwa kiini cha jambo. Katika safari hiyo yaliyopotea kwanza ni marudiorudio, viapo, majina ya marehemu, na mtiririko wa misiba mmoja baada ya mwingine. Kwa ofisa hayo yalikuwa maneno ya ziada. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, hayo ndiyo yaliyokuwa hoja yenyewe.

Hali hii haikuwa ya Kenya peke yake. Katika Rhode Island, mojawapo ya makoloni ya Kiingereza huko Amerika ya Kaskazini, halmashauri za miji za karne ya 18 zilikuwa na desturi ya kumhoji maskini aliyeonekana kuwa huenda akawa mzigo kwa mji, ili ijulikane ni mji upi uliokuwa na wajibu wa kumtunza. Baada ya mahojiano hayo aliweza kuamriwa aondoke. Mwanahistoria Ruth Wallis Herndon, katika kitabu chake cha 2001 kiitwacho Unwelcome Americans, alizikusanya kumbukumbu hizo na kuunda upya masimulizi ya maisha ya watu 40. Wajane ni miongoni mwao. Vizazi vya Wamarekani wanaotafuta mababu zao hukuta kwamba bibi maskini aliandikwa siku aliyoonekana kuwa gharama. Hakuna aliyemwuliza habari za maisha yake siku alizoweza kujitegemea.

Ulinganisho huo una faida mbili. Kwanza, unaondoa dhana kwamba ukimya kuhusu mjane wa Kiafrika unatokana na Afrika kukosa maandishi. Jamii iliyoandika kila kitu ilimsahau mjane wake maskini kwa namna inayofanana. Pili, unaonyesha tofauti ya maana. Swali la Rhode Island lilikuwa ni mji upi utakaomlisha mjane. Swali la North Kavirondo lilikuwa ni mwanamume yupi, wa ukoo upi, atakayesimama mahali pa marehemu. Mjane wa Rhode Island alijibu kwa kutaja mahali alipozaliwa na alipoishi. Mjane wa Maragoli alijibu kwa kutaja watu, na kwa kuwaaibisha waliotajwa.

Kehenda mwoyo kama utanzu

Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria Kenda Mutongi inapokuwa ya lazima kwa mhakiki wa fasihi. Katika makala yake ya mwaka 1999, na kwa upana zaidi katika kitabu chake Worries of the Heart kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2007, Mutongi alieleza maisha ya wajane wa Maragoli tangu mwanzo wa ukoloni hadi baada ya uhuru. Jina la kitabu ni tafsiri ya usemi wa wajane wenyewe, kehenda mwoyo, yaani mahangaiko ya moyo. Mjane alikuwa akiyatoa mahangaiko hayo mbele ya watu: mbele ya shemeji zake, wazee wa kanisa, liguru au chifu. Alitaja mume aliyekufa, watoto wasiokuwa na nguo, nyumba inayovuja, shamba lisilolimwa. Mutongi anaonyesha kwamba kilio hicho kilikuwa na shabaha. Kiliwakumbusha wanaume kwamba uanaume wao ulipimwa kwa namna walivyomlinda asiye na mume, na mwanamume aliyekisikia asitende lolote alijiweka katika hatari ya kudharauliwa na wenziwe.

Mutongi aliandika kama mwanahistoria. Yaliyomo katika utafiti wake yanaweza kusogezwa hatua moja zaidi kwa kusema kwamba kehenda mwoyo ulikuwa utanzu wa fasihi simulizi, wenye sifa zote zinazotambulisha utanzu. Una fanani anayejulikana, naye ni mjane. Una hadhira iliyoteuliwa, nayo ni wanaume wenye uwezo wa kutenda. Una mahali na wakati wake wa kutolewa. Una mpangilio wa maudhui unaotarajiwa, kutoka kwa kifo cha mume hadi hali ya watoto. Una pia lengo ambalo hadhira inalijua kabla fanani hajafungua kinywa. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuona sifa hizi katika tanzu zinazotawaliwa na wanaume. Mfano ni kumuse ya Wabukusu, hotuba inayotolewa baada ya maziko na mwanamume mwenye kipawa hicho, ambayo ndani yake historia ya koo husimuliwa na walio hai huonywa. Kumuse imehesabiwa kuwa fasihi. Kilio cha mjane kimehesabiwa kuwa machozi.

Mtu anaweza kupinga hoja hii kwa kusema kwamba kukiita kilio utanzu ni kumtuhumu mjane kwamba aliigiza huzuni. Pingamizi hilo linatokana na kuchanganya fani na unafiki. Mwombolezaji anayefuata mapokeo ya maombolezo hahuzuniki kidogo kwa kuwa anajua lipi lianze na lipi lifuate. Mapokeo ndiyo humpa nafasi ya kusema yale ambayo mwanamke asingeweza kuwaambia wanaume kwa njia nyingine. Mjane aliyemwambia shemeji yake moja kwa moja kwamba ni mwizi wa shamba alijitafutia ugomvi. Mjane aliyelia hadharani kwamba laiti mumewe angekuwa hai watoto wasingelala njaa alikuwa amesema jambo lilelile, na shemeji hakuwa na pa kujibia.

Kutambua utanzu kuna matokeo ya moja kwa moja kwa anayemfuatilia bibi yake katika hati. Akikuta barua au taarifa ambayo ndani yake mjane anajieleza kuwa hana chochote, hana mtu, na yu karibu kufa, hapaswi kuichukua kama hesabu ya mali yake, wala kuitupa kama uongo. Ni utendaji ulioandikwa kwa ufupi na mtu asiyeujua utanzu. Swali la kuuliza ni kwamba kilio hicho kilielekezwa kwa nani, na ni kitu gani mahususi kilichodaiwa. Mara nyingi nyuma ya maneno ya unyonge mna dai lililo wazi kabisa: mpaka wa shamba, ng'ombe wawili wa mahari, karo ya mwana mmoja. Mwanamke aliyejiita dhaifu alijua hasa anachokitaka.

Kurithiwa na kuomba

Sarufi nayo ina neno katika jambo hili. Kiswahili husema kwamba mjane amerithiwa. Kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa, na mtenda ni ndugu wa marehemu. Kwa umbo lake sentensi hiyo inamweka mwanamke katika safu moja na shamba na mifugo, vitu ambavyo pia hurithiwa. Taarifa za maofisa na za wamisionari zilishikilia picha hiyo. Mafundisho ya misheni yalipinga desturi ya kurithi wajane kama yalivyopinga ndoa ya wake wengi, na mara nyingi yalimwonyesha mjane kama anayesubiri kuokolewa.

Günter Wagner, aliyefanya utafiti North Kavirondo kati ya 1934 na 1938, alieleza kwa kirefu sherehe ya kunyoa nywele inayofanywa baada ya maziko. Kwa mujibu wa maelezo yake, hapo ndipo madeni ya marehemu yalipotajwa, wenye madai wakasema, na suala la mali na la wajane likazungumzwa. Kwa msomaji wa haraka, sherehe hiyo ni baraza la wanaume linalogawa urithi. Lakini mjane alikuwapo. Alijua ni shemeji yupi mlevi na ni yupi mwenye huruma, na kauli yake, au kukataa kwake, kuliweza kubadili mkondo wa mambo.

Ushahidi wa wazi zaidi kuhusu jambo hili unatoka mbali kidogo na Kakamega, kusini-magharibi mwa Tanganyika. Mmisionari wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer, aliandika huko masimulizi ya wazee walioishi katika nchi ya Wasafwa, na mmojawapo alikuwa Bibi Narwimba. Masimulizi hayo yalifanyiwa utafiti upya na mwanahistoria Marcia Wright, ambaye aliyachapisha pamoja na maelezo yake katika kitabu Strategies of Slaves and Women mwaka 1993. Narwimba aliishi nusu ya pili ya karne ya 19, wakati wa vita na utumwa, na alifiwa na mumewe Sambi. Katika masimulizi yake hakurithiwa tu. Alimwendea Mirambo, jamaa wa marehemu, ambaye si yule mtawala mashuhuri wa Wanyamwezi, akamwomba amchukue ili yeye na watoto wapate ulinzi.

Tofauti kati ya kurithiwa na kuomba ni tofauti kati ya kutendwa na kutenda. Tukio ni moja, na ofisa angeliandika kwa sentensi moja: mjane alirithiwa na jamaa wa mumewe. Bibi Narwimba, alipopewa nafasi ya kusimulia, alijiweka mwenyewe kuwa mtenda. Hii haina maana kwamba alikuwa huru. Alichagua kati ya hatari, na chaguo lake halikumwepusha na taabu za baadaye. Lakini mtafiti anayekuta kauli ya kutendwa katika karatasi za Kakamega hana budi kujiuliza ni kitenzi gani mwanamke mwenyewe angekitumia.

Nyumba ya mama na jina la mjukuu

Imekwisha kuelezwa kwamba nasaba hufuata akina baba. Shamba, hata hivyo, halikugawanywa hivyo peke yake. Katika boma la wake wengi, mashamba yaliyolimwa na kila mke yalihesabiwa kuwa ya nyumba yake, na wanawe ndio waliotarajia kuyapata. Kwa maneno mengine, ukoo ulisomwa kwa baba, na ardhi ilisomwa kwa mama. Mjane aliyeng'ang'ania kukaa katika boma la marehemu mumewe, badala ya kurudi kwa ndugu zake, alikuwa akiilinda nyumba katika maana hiyo. Angeondoka, mashamba yangemezwa na nyumba nyingine kabla wanawe hawajakua.

Thamani ya kukaa huko ilipanda kadiri ardhi ilivyopungua. Kufikia wakati wa Wagner, Maragoli ilikwisha kuwa mojawapo ya sehemu zenye msongamano mkubwa wa watu katika Kenya. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, na mamia ya Wazungu wakafika kuchimba. Mwaka 1932 serikali iliibadilisha sheria ya mwaka 1930 iliyokuwa imeahidi kuzilinda ardhi za Waafrika, ili ardhi ya madini iweze kuchukuliwa kwa fidia ya fedha bila ya kutolewa ardhi nyingine. Fedha huhitaji mtu wa kuipokea, na mtu huyo alikuwa yule aliyetambuliwa kuwa mwenye shamba. Aliyelilima shamba hilo kwa jembe hakuwa lazima ndiye aliyetambuliwa. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyosikiliza mashahidi Kakamega na kutoa ripoti mwaka 1934, ilipokea ushahidi mrefu kuhusu koo na mipaka, na sauti zilizosikika zilikuwa karibu zote za wanaume.

Usajili wa mashamba, ulioanza katika wilaya hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, ndio uliokamilisha kazi. Jina moja liliandikwa kwa kila kipande, na kwa kawaida lilikuwa jina la mwanamume. Mjane aliyeilinda nyumba kwa miaka ishirini alimwona mwanawe akiandikwa kuwa mwenye shamba. Hilo lilikuwa ushindi wake, na ndilo lililomfuta. Mjukuu anayeishika hati ya shamba leo anashika matunda ya kazi ya bibi ambaye jina lake halimo.

Jina hilo, hata hivyo, halikupotea kabisa. Waluhya wengi huwapa watoto majina ya wazee waliotangulia, na majina ya akina bibi hurudi kwa wajukuu na vitukuu. Mke naye hujulikana katika boma la mumewe kwa ukoo au nchi aliyotoka. Anayemtafuta bibi anaweza basi kuanzia kwa msichana aliye hai, aulize jina lake la asili limetoka kwa nani, kisha aulize mwenye jina hilo aliolewa kutoka wapi na nyumba yake ilisimama upande gani wa boma. Njia hiyo inapanda kutoka kwa mjukuu kwenda kwa bibi, kinyume na nasaba inayoshuka kutoka kwa Mulogoli.

Kilio baada ya uhuru

Mutongi anaeleza kwamba baada ya 1963 wajane wa Maragoli walijaribu lugha mpya, lugha ya haki za raia. Waliwaandikia na kuwaendea watumishi wa serikali yao wenyewe, na mara nyingi hawakupata walichokitarajia. Mhakiki anaweza kulieleza badiliko hilo kwa istilahi zake: fanani alibaki, hadhira ikabadilika. Kilio kilikuwa na nguvu mbele ya watu waliomjua mjane, waliomjua marehemu, na walioweza kuaibika. Karani wa ofisi katika mji wa mbali hakuwa na cha kuaibikia.

Kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno iliwafanya Wakenya wengi walione jambo hilo. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, akashindana mahakamani na ukoo wa Umira Kager kuhusu mahali pa kumzika. Yeye hakuwa maskini, na alizungumza kwa lugha ya sheria na ndoa. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki ya kumzika, na marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Ikiwa mjane mwenye mali na mawakili aliweza kushindwa kwa lugha hiyo, si ajabu kwamba mjane wa kijijini hakuiacha kabisa lugha ya mahangaiko ya moyo. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilimtambua mjane katika mali ya mumewe, na Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Hata hivyo, kila anayedai chini ya sheria hizo hutakiwa kuthibitisha kwamba yeye ni mke wa fulani na kwamba alikaa mahali fulani, na uthibitisho huo aghalabu hutoka katika vinywa vya jamaa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mjane maskini wa North Kavirondo hakukosa kuandikwa. Aliandikwa kama paa katika daftari la kodi na kama mleta kesi katika shauri. Katika nasaba hakutajwa kabisa, lakini alijisemea kwa utanzu wake mwenyewe, ambao waandishi wa hati waliufupisha na wahakiki wakauacha. Anayezisoma hati hizo bila ya kuujua utanzu huo atamwona mwombaji. Anayeujua atamwona mtu aliyekuwa na dai, aliyeichagua hadhira yake, na aliyejua neno lipi litawauma waliomsikiliza.

Kazi iliyobaki ni ya haraka. Watoto waliosimama kando ya mama zao wakati mahangaiko hayo yalipotolewa, katika miaka ya 1940 na ya 1950, sasa ni wazee. Wanakumbuka mpangilio wa maneno, kimya kilichofuata, na aliyeinuka kwanza kujibu. Idara za fasihi zimekuwa zikiwatuma wanafunzi kukusanya ngano, vitendawili na nyimbo za tohara. Inafaa wanafunzi hao waongeze swali moja katika hojaji zao wanapoingia katika boma lolote la Kakamega au Vihiga: ni nyumba ya mama yupi hii, na mumewe alipokufa, alisema nini?